Nataka Rachmaninoff, Sista anataka Mozart

Safu ya Mama Mwalimu: barua za wanafunzi wa muziki

Shikamoo Mama Mwalimu,

Naomba jina langu libaki kapuni, maana wapiga piano wa Tabora tunajuana wote. Nina miaka 20, nasomea ualimu hapa mjini. Piano nilianza nikiwa shule ya msingi kwa Sista mmoja wa parokia yetu, ambaye naye alifundishwa na wamisionari enzi hizo, na mpaka leo ndiye mwalimu wangu. Mwaka jana nilifanya mtihani wa ABRSM, bodi ya Uingereza ya mitihani ya muziki, gredi ya 7 kwa kutuma video, nikapata alama za juu. Jumapili napiga kinanda misa ya pili. Nayasema haya usije ukadhani nimeanza juzi.

Desemba hii, kabla ya Noeli, Paroko ameturuhusu tufanye tamasha ukumbini. Kwaya itaimba, watoto watapiga vipande vyao, halafu mimi nitafunga kwa koncheto. Kwa wasomaji wasioijua, ni kazi ndefu ya piano moja na okestra nzima. Okestra hatuna, kwa hiyo sehemu yake itapigwa kwenye chombo cha pili. Mimi nitakaa kwenye ile piano ya mbao waliyoiacha wamisionari, Sista atakuwa pembeni kwenye kinanda cha umeme cha kwaya, amekiweka sauti ya vayolini. Itakuwa koncheto yangu ya kwanza.

Ninayoitaka ni ya pili ya Rachmaninoff, yule mtunzi wa Urusi, ile ya C maina. Mama, nimeisikiliza kwenye simu mpaka mdogo wangu tunayelala naye chumba kimoja anaimba sauti zake bila kujua. Ile ya mwanzo, piano inapogonga kama kengele kisha vayolini zote zinaingia na wimbo, mimi mwili unanisisimka kila mara. Nilipomwambia Sista, alicheka kidogo akasema, "Rachmaninoff atakusubiri. Mozart kwanza." Wiki iliyofuata akaniletea karatasi za koncheto ya Mozart ya A meja, K. 414 (hiyo ni namba yake katika orodha ya kazi za Mozart). Nilipozifungua niliona kurasa nyeupe, nota chache, skeli za kupanda na kushuka. Nilijisikia vibaya sana. Vitu vya namna hiyo nilivipiga nikiwa gredi ya 5.

Kuna jambo jingine. Yupo kaka mmoja aliyefundishwa na Sista huyu huyu, sasa anaishi Dar es Salaam. Aliweka video akipiga mwanzo wa koncheto ya Grieg, mtunzi wa Norway, watu wakaisambaza kwenye makundi, na mwanakwaya mmoja wa hapa hapa akaandika chini yake, "Huyu ndiye mwanafunzi wa Sista." Mimi ninayemfungulia Sista ukumbi na kumfutia vumbi piano yake, sikutajwa. Nikitokea Desemba na Mozart, watasema nini?

Baba yangu ni mstaafu wa reli. Aliuza mpunga wa msimu mzima akaninunulia kinanda cha vitufe 61 ili nifanye mazoezi nyumbani, na tayari ameshawaalika ndugu wa Urambo na Kaliua waje na treni. Hajui tofauti ya Mozart na Rachmaninoff, lakini anajua kuona kama mtu anafanya jambo kubwa au dogo.

Mkono wangu si mkubwa. Oktava, yaani nota nane, naifikia vizuri, nota tisa kwa kujinyoosha, kumi sifiki. Nimeshaanza kuzoea ule mwanzo wa Rachmaninoff kimya kimya, Sista hajui. Siku nyingine mkono wa kushoto unauma mpaka kwenye kiwiko, ila nadhani ni kuzoea tu. Sista naye vidole vinamsumbua siku hizi, hasa asubuhi, lakini bado anapiga.

Rafiki yangu ananishauri nichukue Grieg, anasema ni Rachmaninoff ya wanaoanza. Je, nimfuate Sista nionekane mtoto? Nisimame na chaguo langu? Au nikutane naye katikati na hiyo Grieg?

Binti wa Reli, Tabora

*

Marahaba, mwanangu. Hongera kwa gredi ya 7, na hongera zaidi kwa Baba, maana wazazi wanaouza mpunga ili mtoto apate kinanda siwasikii kila siku.

Ngoja nikurudishie nilichosikia, unisahihishe nikikosea. Unapenda koncheto moja kwa moyo wote. Mwalimu wako amekupa nyingine, na umeipokea kama cheti cha kwamba bado u mdogo. Kuna kaka wa Dar ambaye hajakufanyia ubaya wowote, lakini video yake imekaa kooni. Na kuna ukumbi utakaojaa watu unaotaka wakuone. Swali uliloniuliza ni koncheto ipi. Nitalijibu kadiri niwezavyo, maana ni swali zuri na nilifundisha piano miaka mingi, lakini nitaliacha mara kwa mara nizungumzie hayo mengine.

Nianze na Rachmaninoff, maana simlaumu mtu anayelala na koncheto ile sikioni. Simfoni yake ya kwanza ilipoanguka vibaya mwaka 1897, alikaa muda mrefu bila kuweza kutunga. Alitibiwa na daktari aitwaye Nikolai Dahl, na koncheto hii ya pili, aliyoikamilisha mwaka 1901, aliitoa kwa heshima ya daktari huyo. Ni muziki wa mtu aliyerudi kutoka mahali pabaya, na mtu mwenye miaka 20 ana haki ya kuusikia hivyo.

Lakini hebu urudi kwenye ule mwanzo unaokusisimua. Zile kengele ni za piano peke yake, kweli. Mkono wa kushoto unatakiwa kushika nota zilizoachana kwa kumi, na wapiga piano wengi wasiofika huzivunja, wanapiga ya chini kwanza kisha zinazofuata. Hakuna aibu katika hilo. Halafu vayolini zinaingia na wimbo, na hapo ndipo nakuuliza: wakati huo piano inafanya nini? Inasindikiza. Inapiga apejio, nota moja baada ya nyingine, juu na chini, kurasa na kurasa, huku wimbo wenyewe ukiwa kwa okestra. Kule Moscow, ilikopigwa mara ya kwanza, wimbo ule ulikuwa na vyombo vingi vya nyuzi nyuma yake. Ukumbini kwenu utakuwa na kinanda cha kwaya, na vidole vya Sista. Kile unachokipenda zaidi katika koncheto hii, siku ya tamasha hutakipiga wewe.

Huenda umeshalifikiria na huoni tatizo. Sawa. Nilitaka tu tuhakikishe kwamba unaipenda ilivyo chini ya vidole vyako, maana kwenye spika za simu inakuja na okestra nzima.

Kuhusu mkono mdogo, sitakufungia mlango. Alicia de Larrocha wa Hispania alikuwa mwanamke mfupi sana, na alirekodi koncheto ya pili na ya tatu za Rachmaninoff pamoja na okestra kubwa. Kwa hiyo anayekuambia kwamba mikono midogo haimwezi Rachmaninoff hajafanya utafiti wake.

Maumivu ni habari nyingine, na hapa naomba unisikilize kama mama. Misuli kuchoka baada ya mazoezi ni kawaida. Maumivu yanayopanda mpaka kiwiko si kuzoea, mwanangu. Ule mwanzo uuache kabisa kwa sasa, na kama maumivu hayaishi baada ya kupumzika, nenda hospitali ukaonekane. Robert Schumann alitaka kuwa mpiga piano mkubwa, akaharibikiwa na mkono wa kulia angali kijana, ndoto ikaishia hapo. Bahati yake alikuwa na karama ya kutunga. Wewe una misa ya pili kila Jumapili, na hakuna wa kukushikia nafasi.

Sasa Mozart. Umesema ulijisikia vibaya ulipoona kurasa nyeupe, na nadhani ungejisikia hivyo hivyo hata zingekuwa kurasa za mtunzi mwingine, kwa sababu ulizisoma kama jibu la swali "je, mimi ni mkubwa?" Sista huenda hakuwa anajibu swali hilo hata kidogo.

K. 414 ni moja ya koncheto tatu alizoziandaa Mozart huko Vienna mwaka 1782, alipokuwa kijana anayejitegemea, hana mshahara wa bwana yeyote, anatafuta wanunuzi. Desemba ya mwaka huo alimwandikia baba yake kwamba koncheto hizi ziko katikati ya ngumu mno na rahisi mno: wajuzi watapata humo cha kuwaridhisha wao, na wasiojua nao watafurahi bila kujua kwa nini. Nilipofika kwenye sentensi yako kuhusu ndugu wa Urambo na Kaliua niliikumbuka barua hiyo. Kisha mwezi uliofuata akatangaza kwamba zinaweza kupigwa na okestra kamili, au na watu wanne tu: vayolini mbili, viola na selo, ndugu zake wakubwa. Unaona? Yeye mwenyewe alizipanga ili zisimame hata pasipo okestra kubwa. Ni hali yenu kabisa ya Tabora, na sidhani Sista aliichagua kwa kufumba macho.

Sehemu ya pili kati ya tatu za koncheto hiyo, ile ya polepole, inafunguka na wimbo aliouazima kutoka kwa mtunzi Johann Christian Bach, ambaye Mozart alimjua London akiwa mtoto na ambaye alifariki Januari ya mwaka huo huo wa 1782. Ni muziki wa kumuaga mtu aliyekusaidia ulipokuwa mdogo. Mimi ningemwambia mwanafunzi wangu ajaribu kurasa zile mbili za mwanzo kabla hajaamua lolote kuhusu nota chache. Katika Rachmaninoff kidole kikiteleza, nota nyingine nyingi zitakifunika. Pale hakuna wa kukifunika, na skeli isiyolingana itasikika mpaka mlango wa nyuma. Hiyo ndiyo hatari ya Mozart, na ni kubwa kuliko unavyodhani.

Ana hatari ya pili. Ukimpiga kwa kinyongo, atakusaliti. Miezi mingi ya kukaa na muziki ambao moyoni unauita wa watoto itasikika kwenye kila msemo. Kama baada ya kuijaribu kwa uaminifu bado hukuona kitu ndani yake, hilo ni jambo la kumwambia Sista waziwazi, na si utovu wa adabu.

Halafu kuna kinanda cha Baba. Piano ya enzi za Mozart ilikuwa na oktava tano, yaani vitufe 61, kuanzia F ya chini mpaka F ya juu. Cha kwenu nacho kina 61, ila vya namna hiyo kwa kawaida huanzia C, kwa hiyo utakosa nota chache za chini, lakini karibu koncheto yote utaizoea nyumbani. Rachmaninoff hatoshei. Hata ile F nzito inayojibu kengele za mwanzo haimo kwenye kinanda chako. Ukimchagua, mazoezi yako ya kweli yatategemea ufunguo wa ukumbi, ratiba ya kwaya, na misiba na harusi zinazokodi ukumbi huo. Si sababu ya kukata tamaa. Ni hesabu ya kufanya mapema.

Na Grieg? Rafiki yako nampenda lakini hapo amekosea. Grieg aliitunga mwaka 1868 akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, na ndani ya sehemu ya kwanza kuna kadenza, mahali ambapo okestra inanyamaza na piano inabaki peke yake, ndefu na yenye kishindo, inayotaka mabega na mgongo. Sehemu ya tatu ina mdundo wa ngoma za Norway, miguu ya wanakijiji imo humo. Ni koncheto nzuri sana kwa mwanafunzi aliyeiva. Haikuwekwa duniani kama ngazi ya kupandia kwa Rachmaninoff. Wanafunzi wengi wa gredi yako huianza, wengine huimaliza. Mwanzo wake, ule uliouona kwenye video, ndio unaojulikana kuliko vyote na si ndio mgumu kuliko vyote. Kaka wa Dar aliweka mwanzo. Sisemi hawezi kumaliza. Nasema kwamba hujui, na umejipima na dakika moja ya video.

Ukielekea kwa Grieg, jiulize kitu kimoja tu: ungeichagua kama ile video isingekuwepo?

Kuna nyingine nyingi ambazo hukuzitaja. Haydn ya D meja, yenye mwisho wa mtindo wa Hungaria, inachangamsha ukumbi na haiumizi mkono. Mendelssohn ya G maina, ya mwaka 1831, inakimbia sana lakini haidai upana mkubwa wa mkono, na sehemu zake tatu zimeunganishwa bila kusimama. Shostakovich ya pili aliitunga kwa ajili ya mwanawe Maxim, aliyeipiga siku alipotimiza miaka 19, tarehe 10 Mei 1957. Mwishoni ameingiza mazoezi ya vidole ya Hanon, yale yale ya kuchosha tunayowapa watoto, kwa utani. Tena yupo Clara Wieck, aliyekuja kuolewa na huyo Schumann wa mkono mbovu. Alipiga koncheto yake mwenyewe ya A maina huko Leipzig mwaka 1835, ana miaka 16, Mendelssohn akiongoza okestra. Sehemu yake ya polepole ni piano na selo, karibu basi. Si rahisi, nakuonya, lakini nimeitaja kwa sababu binti anayetaka kuonekana mkubwa inafaa ajue kwamba walimtangulia wengine, na wao waliandika ya kwao.

Si lazima pia upige koncheto nzima. Sehemu moja inatosha kwa tamasha la parokia lenye watoto na kwaya, na watoto hao watakuwa wameshaanza kusinzia kabla hujakaa. Unaweza kumpa Sista sehemu ya kwanza ya Mozart kwa Desemba, huku Rachmaninoff ukimfungua kidogo kidogo kuanzia sehemu yake ya polepole, bila tarehe ya tamasha kichwani. Hasara yake ni kwamba moyo utagawanyika, na wewe ndiye unayejua kama unaweza kuishi na vitabu viwili wazi.

Nimeliacha la mwisho lile ambalo umelipitia haraka kuliko yote. Umeniandikia mengi kuhusu vidole vyako: vinafika wapi, vinaumia wapi. Vya Sista umeviandika kwa mstari mmoja, mwishoni mwa aya, kisha ukakimbilia kwa rafiki yako na Grieg.

Koncheto ni kutwanga wawili kinu kimoja. Mchi wako ukishuka wake unapanda, na mmoja akishindwa kushika mwendo wote mnasimama. Katika K. 414 sehemu ya okestra ni nyepesi mkononi. Yeye ndiye anayefungua, anapiga muda mrefu huku wewe umeweka mikono mapajani. Katika Rachmaninoff, okestra ile nzima, nyuzi, tarumbeta, pembe na ngoma za timpani, inabanwa iingie kwenye mikono miwili ya mtu wa piano ya pili. Ni kazi nzito kwa mtu mzima mwenye afya. Ni mama mwenye vidole vinavyomsumbua asubuhi ndiye atakayeibeba.

Sisemi hiyo ndiyo sababu ya Sista kusema "Mozart kwanza." Huenda anaamini tu kwamba huo ndio mpangilio sahihi, walimu wa zamani tulilelewa hivyo. Huenda aliona unavyojinyoosha kufikia tisa. Huenda ni hivyo vyote, na cheko lake dogo halikuwa la kukudharau. Lakini yeye ni mtu mzima tena mtawa, hatakuja kukuambia kirahisi, "Mwanangu, siwezi kuipiga ile." Wengi wetu tungesema kwamba ni wewe hujaiva.

Kama ndivyo, njia zipo. Mtu mwingine anaweza kupiga piano ya pili. Nitakutajia mmoja na usinikasirikie: kaka wa Dar. Watu wengi hupanda treni kurudi nyumbani Noeli. Akikubali, wale wa "huyu ndiye mwanafunzi wa Sista" watawaona wawili kwa pamoja. Hatari iko wazi: mtafanya mazoezi siku chache tu, na Sista anaweza kuumia kuondolewa kwenye kiti ambacho pengine anakingojea kuliko unavyofikiri. Hilo usilipange nyuma ya mgongo wake.

Nyuma ya mgongo wake pia kuna yale mazoezi ya siri. Ningekuwa wewe ningemwambia, pamoja na habari ya kiwiko, kabla ya kujadili mtunzi yeyote. Atakasirika kidogo. Kisha atakutazama mkono, na huenda akaona kitu ambacho mimi siwezi kukiona kwenye barua.

Jaribu jambo moja wiki hii. Nota za piano mbili za Mozart huyu, za Grieg na za Rachmaninoff zinapatikana bure kwenye mtandao wa IMSLP. Chapisha kurasa chache za mwanzo za kila moja, na zisome upande wa piano ya pili. Kaa wewe kwenye kinanda cha kwaya, jaribu kuwa okestra, hata kama ni kwa mwendo wa kobe. Kisha mwombe Sista akae kwenye piano ya wamisionari, apige yako. Mkibadilishana viti mtaambiana mengi bila mmoja kumwambia mwenzake kwamba hawezi.

Mkiwa hapo, gongeni A ya piano na A ya kinanda kwa pamoja. Piano ya mbao iliyopitia viangazi vingi vya Tabora bila fundi huwa imeshuka sauti, na hakuna Mozart wala Rachmaninoff atakayeokoka hapo. Kinanda cha umeme kina mahali pa kurekebisha sauti kidogo kidogo. Kishusheni mpaka kikutane na piano. Muulizeni Paroko pia habari ya jenereta, maana umeme ukikatika katikati, okestra yenu yote itanyamaza na wewe utabaki unapiga peke yako, na hapo itabidi ujue kama koncheto uliyoichagua inaweza kusimama hivyo.

Kuhusu Baba, sidhani anangoja kuona jambo kubwa. Lakini huyo ni baba yako, unamjua kuliko mimi. Muulize ni kipande gani ukikipiga nyumbani huwa anapunguza sauti ya redio.

Niandikie mkishabadilishana viti. Ningependa kujua Sista alisema nini kuhusu kiwiko.

Mama Mwalimu